Mashine Ikawa Mimbari

Tarehe 20 Agosti 1914 Papa Pio X alifariki mjini Roma. Siku hiyohiyo, katika mji mdogo wa Alba, mkoa wa Piemonte kaskazini mwa Italia, padre mwenye umri wa miaka 30 alifungua shule ya uchapaji iliyokuwa na wanafunzi wawili. Ulaya ilikuwa imeingia vitani wiki chache kabla, na Italia nayo ingeingia mwaka uliofuata. Nani angekuwa na muda wa kuwatazama vijana wawili wanaojifunza kupanga herufi za risasi? Padre huyo aliitwa Giacomo Alberione. Shule yake aliipa jina la Mfanyakazi Mdogo.

Leo ukiingia duka la vitabu la Paulines jijini Nairobi, au ukishika kitabu chenye nembo ya Médiaspaul kilichotoka Lubumbashi au Kinshasa, umekutana na wajukuu wa shule ile. Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wamesoma vitabu vyao bila kulijua jina la mwanzilishi, na yeye mwenyewe hilo lisingemsumbua. Linalonisumbua mimi ni jingine. Tumepokea vitabu, tumepokea maduka, tumepokea masista, lakini wazo lililovizaa vyote hivyo hatujalipokea. Alberione aliamini kwamba kuandika, kuhariri, kuchapa na kuuza kitabu cha dini ni kuhubiri kamili, sawa na kupanda mimbarini, na kwa hiyo kazi hiyo inastahili kupewa watu kwa maisha yao yote. Kwetu bado ni kazi ya ziada, ya padre mwenye parokia tayari, au ya padre mgonjwa aliyetafutiwa pa kukaa.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1884 huko San Lorenzo di Fossano, katika familia ya wakulima. Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili. Mwalimu wake wa shule ya msingi, Rosa Cardona, siku moja aliwauliza watoto wanataka kuwa nani wakikua, na yeye akajibu kwamba atakuwa padre. Njia haikunyooka. Aliingia seminari ya Bra mwaka 1896, na mwaka 1900 akaondoka humo akiwa na umri wa miaka 16. Waandishi wa maisha yake wanataja, miongoni mwa sababu, kwamba alikuwa akisoma kila kilichomfikia mkononi bila kuchagua. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa katika habari zake. Nguvu ya maandishi aliijua kwanza kwa kuumizwa nayo. Hakuhitaji kuelezwa na mtu kwamba kitabu kinaweza kuligeuza jahazi la kijana.

Alipokewa katika seminari ya Alba vuli ya mwaka huohuo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1900 kuamkia mwaka mpya, baada ya Misa, seminari ilibaki katika kanisa kuu la Alba kuabudu Ekaristi. Papa Leo XIII alikuwa ametoa waraka kuhusu Kristo Mkombozi miezi miwili kabla, na mwanazuoni wa uchumi Giuseppe Toniolo alikuwa akiwahimiza Wakatoliki wajipange katika jamii maana wapinzani wao walikuwa wamekwisha kujipanga. Alberione alibaki kanisani kwa muda wa saa nne hivi. Zaidi ya miaka 50 baadaye aliandika habari za usiku ule, akijitaja kama mtu mwingine, na kusema kwamba alijiona ana deni la kujiandaa ili afanye kitu kwa ajili ya watu wa karne mpya. Hakujua bado ni kitu gani.

Ili kuelewa kwa nini jibu lilikuja kuwa mtambo wa chapa, itazame Italia ya wakati ule. Shule za msingi zilikuwa zinaenea, na watoto wa wakulima walikuwa wanajifunza kusoma kwa mara ya kwanza katika koo zao. Karatasi ilikuwa rahisi kuliko zamani, reli zilifikisha magazeti vijijini, na vyama vya siasa, vingi vikiwa havilipendi Kanisa hata kidogo, vilikuwa na magazeti yao yenye waandishi hodari. Paroko alisema na watu mara moja kwa juma, Jumapili, tena na wale tu waliokuja. Gazeti lilisema nao kila siku, wakiwa kazini, kwa kinyozi na kilabuni. Mapadre wengi waliyaona haya wakalalamika. Wachache walianzisha magazeti. Alberione, aliyepewa upadrisho tarehe 29 Juni 1907, akahudumu parokia ya Narzole na kisha kuwa mlezi wa kiroho seminarini Alba, alikwenda hatua ambayo wengine hawakuifikia: aliuliza gazeti hilo litaendeshwa na nani baada ya padre huyu mwenye bidii kufa au kuhamishwa.

Wazo lake la kwanza lilikuwa jumuiya ya walei Wakatoliki: waandishi, wachapaji, wauza vitabu. Akawapa mwelekeo, akawaombea. Kisha, kama yeye mwenyewe alivyosimulia, karibu na mwaka 1910 akabadili mawazo. Watu hao wawe watawa, waume kwa wake, wenye nadhiri na maisha ya pamoja. Mlei ana mke, watoto na kodi ya nyumba. Akipata mshahara mkubwa zaidi kwingine, ataondoka, na hana lawama. Kazi ya kuunda wasomaji inachukua vizazi. Inataka watu wasioondoka.

Hapa ndipo ugumu ulipoanza, na hapa ndipo ninapomwona mkubwa. Mwaka 1913 Askofu Giuseppe Francesco Re wa Alba alimkabidhi gazeti la jimbo, Gazzetta d'Alba. Mpaka hapo hakuna aliyeshtuka. Padre mhariri alikuwa kitu cha kawaida. Lakini mwaka mmoja baadaye padre akaanza kukusanya vijana na kuwaambia kwamba kupanga herufi, kupaka wino na kufunga vifurushi ni wito mtakatifu. Watu wakauliza padre wa nini huyu, na vijana wale watakuwa nani: watawa, au vibarua wa kiwanda? Mmoja wa vijana hao ni Giuseppe Giaccardo, ambaye Alberione alimkuta akiwa mtoto kule Narzole. Mwaka 1917 Giaccardo aliomba kuiacha seminari ya jimbo ajiunge na nyumba ya wachapaji. Fikiria uzito wake. Kijana mwenye njia iliyonyooka kuelekea altareni anaiacha, anaingia karakana ambayo Kanisa halijaitambua kama shirika. Aliupata upadrisho mwaka 1919, padre wa kwanza wa Shirika la Mtakatifu Paulo, na mwaka 1989 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwenye Heri.

Roma nayo ilisita. Shirika la watawa lenye kazi ya uchapaji lilikuwa jambo geni kwa maofisa waliozoea watawa wa shule, hospitali na misioni. Kibali cha ngazi ya jimbo kilitoka mwaka 1927 baada ya Papa Pio XI mwenyewe kuonyesha kwamba anataka shirika la namna hiyo. Idhini ya mwisho ya Kiti Kitakatifu ilikuja mwaka 1949. Hesabu tangu ile siku ya Agosti 1914: miaka 35. Muda wote huo watu walikuwa wanachapa.

Na wanawake walikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1915 Alberione alitoa kitabu kuhusu ushirika wa mwanamke katika bidii ya padre, wakati ambapo mwanamke wa Italia hakuwa hata na haki ya kupiga kura. Mwaka huohuo alikutana na Teresa Merlo, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 21, naye akakubali kujiunga na kundi la wasichana lililoanza na ushonaji na duka dogo la vitabu. Mwishoni mwa 1918 wasichana hao walikwenda mji wa Susa, chini ya milima ya Alpi, kuchapa gazeti la jimbo la huko, La Valsusa. Walipanga herufi, wakaendesha mitambo, wakasahihisha prufu. Kwa kuwa katika chumba chao kulikuwa na picha ya Mtakatifu Paulo, watu wa mji wakawaita Mabinti wa Mtakatifu Paulo, na jina likabaki. Teresa akawa Mama Tecla, mkuu wao wa kwanza, hadi alipofariki mwaka 1964.

Masista hao ndio waliotoka na mabegi. Walitembea kijiji hadi kijiji, mlango hadi mlango, na vitabu mabegani, wakibisha nyumba za watu ambao maishani mwao hawakuwahi kuingia duka la vitabu. Wengine waliwafukuza. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu tunaposifu wachapishaji tunasifu waandishi na wahariri, tukasahau miguu. Alberione hakusahau. Kwake duka la vitabu lilikuwa mahali patakatifu na muuzaji alikuwa mhubiri. Kitabu kilichochapwa vizuri kikakaa ghalani kilikuwa, kwa macho yake, mahubiri yaliyotolewa katika kanisa tupu.

Fedha je? Hakuwa nazo, na madeni yake yaliwatia hofu mapadre wenzake wengi. Alijenga nyumba na mitambo kwa kasi iliyozidi mifuko yake. Alijenga tanuri la matofali ili asinunue matofali. Akaanzisha kiwanda cha karatasi ili asinunue karatasi. Wapo waliomwona mfanyabiashara aliyevaa kanzu, lakini ukiifuata hesabu yake utaona alikuwa na shabaha moja. Karatasi ikipanda bei, kitabu kinapanda. Kitabu kikipanda, maskini ndiye anayeachwa. Alitaka kuushika mnyororo wote, kuanzia karatasi ghafi mpaka mlango wa msomaji, ili pasiwe na mtu katikati anayekula sehemu ya maskini. Baadaye shirika lake lilitoa Biblia nzima kwa lira 1,000, na Waitalia waliikumbuka kwa bei yake. Naomba wachapishaji wetu walifikirie hilo: kitabu kitakatifu kukumbukwa na watu wa kawaida kwa sababu waliweza kukinunua.

Mwaka 1923 aliugua kifua kikuu, na madaktari wakamkatia tamaa. Akapona. Yeye alisema ni Mtakatifu Paulo, na mimi sina sababu ya kubishana naye. Baada ya hapo aliishi miaka 48 zaidi, mwembamba, mgongo umepinda, sauti yake ya chini kiasi cha wasikilizaji kulazimika kukaza masikio. Aliamka usiku wa manane kusali kabla ya wengine. Kila mtawa wake alipaswa kukaa saa moja ya kuabudu kila siku, hata kazi ikiwa imelundikana. Mwaka 1924 alianzisha shirika jingine la masista, Wanafunzi wa Mwalimu wa Kimungu, ambao kazi yao kuu ni sala na ibada mbele ya Ekaristi. Wachapaji wa wakati wetu, wanaokimbizwa na tarehe za mwisho, wataliona jambo hili kuwa geni. Kwake ndilo lililokuwa injini. Hakuamini kwamba mtu anaweza kuandika juu ya Mungu mwaka hadi mwaka bila kusema na Mungu, kisha maandishi yake yasikauke.

Kuna fundisho lake moja ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila ofisi ya habari ya jimbo. Aliwaambia watu wake kwamba kazi yao si kusema juu ya dini tu. Waseme juu ya mambo yote, kwa moyo wa Kikristo. Kutoka wazo hilo lilizaliwa, tarehe 25 Desemba 1931, jarida la Famiglia Cristiana. Lilikuwa na sala, ndiyo, lakini pia mapishi, ushauri wa afya, malezi ya watoto, barua za wasomaji, hadithi. Familia ililichukua kwa ajili ya mapishi ikabaki na Injili, au ililichukua kwa ajili ya Injili ikajifunza kupika. Katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia lilipita nakala milioni moja kwa juma. Kwa watoto kulikuwa na Il Giornalino, lililoanza mwaka 1924.

Sasa tazama meza ya vitabu nje ya kanisa lako. Utakuta novena, rozari, maisha ya watakatifu, nyimbo, masomo ya Misa. Vyote vizuri, na visiondoke. Lakini kitabu cha Kikatoliki kwa Kiswahili kinachomsaidia kijana aliyezama katika mikopo ya simu kiko wapi? Cha mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake? Cha baba asiyejua aseme nini na binti yake wa miaka 14? Hadithi za watoto zenye majina ya watoto wetu, zenye mvua ya kwetu na mabasi ya kwetu? Waumini wetu wanasoma mambo hayo, tena kila siku, lakini wanayasoma kutoka kwa watu wengine. Hali ileile ya Piemonte ya mwaka 1900 iko mlangoni kwetu.

Sitaki kumchora Alberione bila kivuli. Alifanya kazi chini ya utawala wa Mussolini, na mtu anayetaka mitambo yake isifungwe hufanya mahesabu. Mwaka 1938 aliingia katika filamu, na filamu kubwa ya kwanza ya kampuni yake, Abuna Messias, ilimhusu Kardinali Guglielmo Massaia, mmisionari wa Ethiopia wa karne ya 19. Ilitoka mwaka 1939, wakati Ethiopia ilikuwa inakaliwa na majeshi ya Italia, na ilipata Kombe la Mussolini kwenye tamasha la Venice. Mwafrika akiiangalia tarehe hiyo hawezi kunyamaza. Massaia alikuwa mtu wa heshima, aliyeandika kwa upana juu ya nchi aliyoipenda, lakini kisa chake kilitumika kupamba uvamizi. Chombo cha habari cha Kanisa kinaweza kuwa na nia njema, watu wenye sala na mitambo bora, na bado kikawabebea watawala mzigo wao. Mapadre wachapishaji wa leo wanapaswa kulijua hili mapema, kabla ya mheshimiwa kuja na mchango wa ujenzi wa studio.

Na tunao ushahidi wa karibu zaidi kwamba inawezekana kufanya vingine. Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki nchini Rwanda, lilianza mwaka 1933 huko Kabgayi. Padre André Sibomana alilishika mwaka 1988. Chini yake gazeti liliandika juu ya njaa vijijini na ufisadi wa wakubwa, katika nchi ambayo magazeti mengi yalinyamaza au yalichochea chuki. Mwaka 1990 alishtakiwa mahakamani kwa yale yaliyoandikwa, akaachiwa huru. Aliokoka mauaji ya kimbari ya 1994, akaendelea kusema dhidi ya dhuluma kutoka upande wowote, na akafariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 43. Huyu hakuwa mwanashirika wa Alberione. Alikuwa padre wa jimbo, mmoja wetu, aliyeuchukua uhariri kama wito wa uhai na kifo. Nikiwaweka wawili hawa pamoja napata sura kamili ya padre mchapishaji: mmoja alijua kujenga kazi isiyokufa na mtu, mwingine alijua nini cha kusema siku ambayo kusema kuna gharama.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulimkuta Alberione mzee. Alihudhuria vikao, alisema kidogo. Tarehe 4 Desemba 1963 mababa wa Mtaguso walipitisha hati juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, kwa kura 1,960 dhidi ya 164. Kwa hati ya Mtaguso, kura 164 za kukataa zilikuwa nyingi, na waliokataa walikuwa na hoja. Wengi waliiona hati hiyo nyepesi mno. Lakini kwa mzee wa miaka 79 aliyekuwa ameitwa fundi mitambo kwa nusu karne, ilikuwa Kanisa zima kukiri kwamba kazi hii ni ya Kanisa. Tarehe 28 Juni 1969 Papa Paulo VI alimpokea mbele ya watawa wake, akamsifu kwa unyenyekevu, ukimya na kazi isiyokatika. Tarehe 26 Novemba 1971 Papa huyohuyo alikwenda kumwona kitandani. Alberione alifariki muda mfupi baadaye siku hiyo. Mwaka 2003 alitangazwa Mwenye Heri.

Turudi kwetu, maana kwetu hakukuwa jangwa. Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walileta mabruda wachapaji, na kazi yao ndiyo iliyowapa Wakatoliki wa Tanzania Biblia na vitabu vya ibada kwa Kiswahili. Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, Wamisionari wa Afrika walikuwa na mtambo wao, na vitabu vya mtambo huo, T.M.P., vilifika mbali kuliko barabara za wakati huo zilivyoruhusu. Gazeti la Kiongozi lilitoka huko kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Wazee waliosali kwa vitabu hivyo hawakujua majina ya mabruda walioyapanga maneno hayo. Jijini Nairobi mwaka 1999 Mabinti wa Mtakatifu Paulo walitoa Biblia ya Kiingereza yenye maelezo yaliyoandikwa na wataalamu wa Afrika kwa ajili ya wasomaji wa Afrika. Yote haya ni mali yetu.

Lakini angalia nani aliyeyafanya. Ni mashirika ya watawa, mengi yakianzia nje, yenye desturi ya kumwacha mtu katika kazi moja kwa miaka 30. Majimbo yetu yenyewe hayajafanya hivyo. Padre anayejua kuandika anapewa parokia, anapewa ulezi wa vijana, anapewa ujenzi wa shule, kisha anaombwa ahariri jarida la jimbo usiku. Akijitahidi, baada ya miaka mitatu anahamishwa, na jarida linakufa naye. Mwingine ana mswada mzuri juu ya methali za kabila lake na mafundisho ya Yesu. Anaulipia uchapaji kwa fedha yake, anauza nakala nyumba kwa nyumba kwa marafiki, zinazobaki zinaliwa na mchwa. Kitabu kilichochapwa Mwanza hakijulikani Mtwara. Wakati huohuo tunajenga makanisa makubwa, na katekista wa kigango anafundisha watoto 60 kwa nakala moja iliyokatika jalada.

Nimesikia wanaosema simu imekwisha kuimaliza hoja hii. Watu hawasomi vitabu, wanasema. Weka masomo ya Misa kwenye WhatsApp, inatosha. Alberione asingeikataa simu. Aliikimbilia filamu mapema, na ningeshangaa kama angeiacha simu ipite bila kuweka mtu hapo. Lakini angeuliza swali lake lilelile: nani ameandika kinachotumwa? Sala za uongo zenye vitisho, kwamba usipozituma kwa watu kumi utapata balaa, zinafika katika vikundi vya jumuiya ndogo ndogo kila juma, na zinafika kwa sababu nafasi ile iko wazi. Simu inapunguza gharama ya karatasi. Gharama ya mtu aliyesoma vizuri, anayeandika Kiswahili safi, anayekaa na sentensi moja mpaka inyooke, haipungui hata shilingi. Na mtu huyo hapatikani kwa kumwongezea padre mwenye shughuli nyingi kazi nyingine moja.

Watu wataniambia majimbo yana upungufu wa mapadre. Mwaka 1914 Alba nayo ilikuwa na parokia za kuhudumia, na bado askofu wake, pamoja na hofu zake, alimwachia padre mmoja na baadaye kijana mmoja wa seminari. Majimbo yetu mengi leo yanawapa upadrisho vijana kila mwaka. Kumtenga mmoja kati yao, kumpeleka akasome uhariri na uchapishaji kama wengine wanavyopelekwa kusoma sheria za Kanisa, halafu kumrudisha katika kazi hiyo na kumwacha humo, ni uamuzi ambao hauhitaji kibali cha Roma. Kuwaajiri walei wanaojua kazi na kuwalipa mshahara wa kuishi kunahitaji fedha, na fedha hizo zina chanzo ambacho Kanisa lenyewe limekwisha kukiweka.

Inter Mirifica iliagiza kila jimbo liwe na siku moja kwa mwaka ya kuwafundisha waamini wajibu wao kuhusu upashanaji habari, kuwaombea wanaoifanya kazi hiyo, na kuwaalika wachange kwa ajili yake. Siku hiyo tunaiadhimisha Jumapili kabla ya Pentekoste. Ujumbe wa Papa unasomwa, bahasha zinapita, kisha tunaimba na kwenda nyumbani bila kuambiwa kilichofanywa na mchango wa mwaka jana. Nawaomba maaskofu wetu watangaze, parokia kwa parokia, mchango wa Jumapili hiyo ulikuwa kiasi gani na umechapa nini, nakala ngapi, na zimefika vigango vipi. Na katika barua ya uhamisho wa mapadre ya mwaka huu liwepo jina moja ambalo mbele yake pameandikwa mhariri, bila parokia wala mradi wa ujenzi, na lisiguswe kwa miaka kumi.